Programu iliyozeeka yapiga hodi Ifakara

Kompyuta yenyewe iliuawa na radi masika yaliyopita. Mhasibu mstaafu wa chama kimoja cha akiba na mikopo mjini Ifakara aliifikisha kwa fundi wa Kibaoni ikiwa imefungwa kwa mipira kwenye keria ya baiskeli, vile vile watu wa hapa wanavyofunga gunia la mpunga. Nyuma yake alikuja mama wa makamo aliyebana kitabu cha mwanachama kwapani. Kilikuwa kitabu cha marehemu mumewe.

Mahakama ya Mwanzo inataka kujua marehemu aliacha hisa kiasi gani, na gawio lake limefika wapi. Leja za karatasi za miaka ile ziliondoka na maji siku Mto Lumemo ulipoingia mjini. Kilichobaki ni programu iliyoandikwa mwaka 1998 na kijana ambaye baadaye alihamia Dar es Salaam. Namba yake ya simu hakuna tena anayeijua.

Fundi alichomoa diski, akanakili folda zima kwenye flashi, akalifungua kwenye laptopu yake ya Windows. Akabofya. Laptopu ikamjibu kwa Kiingereza kwamba programu hiyo haiwezi kufanya kazi humo.

"Haifunguki, mzee."

"Si umesema diski ni nzima?"

"Diski nzima, hata mafaili yote yapo. Programu ndiyo ya zamani. Hii ni ya DOS."

Mama akauliza kama DOS ni kampuni. Hakuna aliyemjibu haraka.

Mhariri alikuwa amenituma niandike habari za programu zinazofanyishwa kazi kwenye mfumo endeshi usio wao. Nilitarajia kukutana na vijana wa michezo ya kompyuta. Nikakutana na mirathi.

Kwa nini inakataa

Programu haigusi mashine kwa mkono wake. Kazi yake ni kuomba: nifungulie faili hili, nichoree dirisha pale, nipelekee ukurasa huu kwa printa. Anayeombwa ni mfumo endeshi, na kila mfumo una namna yake ya kuombwa. DOS ina yake, Windows ina yake, Linux na Android vivyo hivyo. Programu iliyotengenezwa kwa mmoja, ukiipeleka kwa mwingine, inabisha hodi kwa lugha ambayo mle ndani haieleweki.

Kwa miaka mingi Microsoft ilizibeba programu za DOS ndani ya Windows zake za biti 32. Zilipokuja Windows za biti 64, sehemu iliyokuwa ikizihudumia haikuwekwa. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haina kabisa toleo la biti 32, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo mwenye kompyuta mpya hana chumba cha mgeni wa mwaka 1998, labda amjengee.

Hili si tatizo la vyama vidogo peke yao. Katika bonde hili limewagusa hata watu wenye ofisi zenye viyoyozi.

Kaya kwa kaya tangu 1996

Katika miaka ya 1950 mwanasayansi Mswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara hapa Ifakara. Maabara hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, jina inalolitumia tangu 2008. Septemba 1996 watafiti wake walianza kazi inayohitaji uvumilivu kuliko hadubini: kupita kaya kwa kaya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, vilivyofikia 25, wakiuliza kila baada ya miezi minne nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia na nani kahama.

Madodoso yale ndiyo yaliyopima vyandarua. Mradi wa KINET ulikuwa ukiuza vyandarua na dawa yake kwa jina la Zuia Mbu, na mwaka 2001 jarida la Lancet lilichapisha matokeo: matumizi ya vyandarua vyenye dawa yalihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Wanaokumbuka kijiji cha Namawala cha mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambako mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka, wanajua uzito wa asilimia hiyo.

Sasa, karatasi za dodoso ziliingizwa wapi? Ziliingizwa kwenye programu iliyoitwa HRS, iliyozaliwa Navrongo, kaskazini mwa Ghana, kwa ushirikiano wa watafiti wa pale na shirika la Population Council. Iliandikwa kwa FoxPro, chombo cha kutengenezea hifadhi za data kilichokuwa kipenzi cha ofisi nyingi duniani. Microsoft iliinunua kampuni iliyoitengeneza FoxPro mwaka 1992. Ikatoa toleo lake la mwisho kubwa, Visual FoxPro 9, mwaka 2004, ikatangaza mwaka 2007 kwamba hakutakuwa na jingine, na Januari 2015 ikafunga mlango wa msaada.

Mtoto aliyeandikwa katika dodoso la kwanza mwaka 1996 leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Chombo kilichomwandika kimeshazikwa na mwenyewe.

> Mtoto aliyeandikwa mwaka 1996 leo ni mtu mzima. Chombo kilichomwandika kimeshazikwa na mwenyewe.

Taasisi ya Ifakara ilihama. Kutoka karatasi na FoxPro ilikwenda kwenye OpenHDS, mfumo wenye seva iliyoandikwa kwa Java na wahojaji wenye vishikwambi vya Android. Nyuma ya OpenHDS alikuwapo Bruce MacLeod wa Chuo Kikuu cha Southern Maine, Marekani, mmoja wa walioandika HRS. Fundi aliyejenga nyumba ya kwanza akashiriki kuchora ya pili, na bahati hiyo haiwaangukii wengi. Chama chetu cha Ifakara hakikuipata.

Nalitaja hilo kwa sababu ya jambo ambalo wauzaji wa mifumo hawalisemi. HRS haikuwa kabati la kuhifadhia majina tu. Ilikuwa na walinzi ndani yake. Mtu aliyekwisha kuandikwa kuwa amefariki haikumruhusu ahamie kijiji kingine. Mtu hakuweza kuwa mkazi wa kaya mbili kwa wakati mmoja. Walinzi hao waliishi ndani ya programu, si ndani ya jedwali la data. Ukilitoa jedwali peke yake, umetoka na watu ukawaacha walinzi.

Kidatu walishalijua tatizo hili

Anayetaka kuelewa njia za kuvuka kutoka mfumo mmoja hadi mwingine asiende mbali. Apande gari kutoka Ifakara hadi Kidatu, kwenye daraja kati ya bonde na Kilosa.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati, urithi wa Wajerumani, ina milimita 1,000. Tawi lake linatoka Kilosa hadi Kidatu, na hapo reli mbili zinakutana bila kuingiliana. Milimita 67 tu, hazifiki hata upana wa kiganja, lakini behewa la huku haliendi kule. Mwishoni mwa miaka ya 1990 pakawekwa kituo cha kuhamishia mizigo: kinachovuka ni shehena, behewa linabaki kwao.

Kuhamisha shehena ndiko kuitoa data kwenye mfumo mmoja na kuipakia kwenye mwingine. Ni kazi safi, ila ina hesabu zake: kila gunia liguswe, na linalopasuka linapasuka hapo.

Ingewezekana pia kulibadilishia behewa magurudumu. Kwa programu, hiyo ni kuichukua asili yake iliyoandikwa na mtunzi na kuijenga upya kwa mfumo mwingine. Watafiti wa Uswisi walifanya hivyo kwa programu yao ya kuigiza mwenendo wa malaria, ambayo baadhi ya takwimu zake zilitoka vijiji vya Namawala na Idete. Kupitia mradi wa malariacontrol.net, watu wa kujitolea duniani waliazima nguvu za kompyuta zao za nyumbani, na programu ikatengenezewa matoleo ya Windows, Linux na Mac. Lakini njia hii inadai uwe na asili ya programu mkononi. Ya kijana wetu wa 1998 alihama nayo.

Linabaki la tatu, ambalo Kidatu halifanyiki: kulipakia behewa zima, pamoja na magurudumu yake, juu ya behewa jingine.

Mkalimani na mwigizaji

Hapa ndipo fundi wa Kibaoni alipoanza kutabasamu. Kwenye meza yake ana laptopu mbili. Ya pili ina Linux, na ndiyo anayoitumia kufungulia flashi za wateja, kwa sababu virusi vya Windows havimsumbui humo.

Kwa programu za Windows anatumia Wine. Mradi huo ulianza mwaka 1993 na ukafikia toleo 1.0 Juni 2008. Miaka 15 ya kumpapasa Windows kwa nje ili kujua anajibuje akiombwa hili na lile. Wine ni mkalimani. Programu inaomba kwa lugha ya Windows, Wine inasikia, inaomba upya kwa lugha ya Linux. Ikikutana na neno isilolijua, programu inaanguka, wakati mwingine bila hata kuaga.

Kwa programu za DOS anatumia DOSBox, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2002. Hii haitafsiri maombi. Inaigiza kompyuta nzima ya zamani: kichakataji, skrini, kibodi, hata kadi ya sauti. Ndani ya dirisha dogo kwenye laptopu ya leo kunakuwa na mashine ya mwaka 1995 isiyojua kwamba haipo.

DOSBox ilitengenezwa ili watu wacheze michezo ya zamani. Jambo hilo linafurahisha hadi unapotaka kuchapisha risiti, maana mchezo hauhitaji printa, na watengenezaji hawakuona sababu ya kuiweka.

> Ndani ya dirisha dogo kunakuwa na mashine ya mwaka 1995 isiyojua kwamba haipo.

Nani ametoa ruhusa?

Yote haya ni bure kwa senti, lakini si bila mabishano.

Mwaka 2003 Mmarekani Whil Hentzen, mwandishi na mtaalamu wa FoxPro, alitaka kuwaonyesha wenzake kwamba Visual FoxPro inaweza kufanya kazi kwenye Linux kwa msaada wa Wine. Microsoft ikamkumbusha masharti ya leseni: vipande vinavyosambazwa pamoja na programu za Visual FoxPro vimeruhusiwa kutumika na Windows tu. Mabishano yalikuwa makali. Watu walijiuliza: nimenunua chombo, nimeandika programu yangu kwa jasho langu, kisha aliyeniuzia nyundo anipangie nyumba ya kupigia misumari?

Swali pana zaidi, kama mtu anaweza kutengeneza upya maombi ya mfumo wa mwenzake, lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani kwa sura ya Oracle dhidi ya Google, juu ya Java na Android. Aprili 2021 majaji sita dhidi ya wawili waliipa Google ushindi, wakisema ilichokichukua kilikuwa matumizi halali. Uamuzi huo haufungi mahakama za kwetu. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayozilinda programu za kompyuta, na kwa ukweli kosa linaloonekana zaidi mitaani si Wine. Ni Windows ya wizi inayopachikwa kwenye laptopu za mitumba huku mteja akinywa soda.

Niwe mkweli: kati ya fundi anayeweka Linux na kuendesha programu ya zamani humo, na yule anayevunja kufuli la Windows, wa kwanza ndiye ninayempelekea kompyuta yangu.

Kuna sheria nyingine inayopaswa kumfanya fundi alale macho wazi kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Folda lile kwenye flashi lina majina, madeni na warithi wa mamia ya watu. Limeshapita mikono mitatu, na hakuna karatasi hata moja iliyosainiwa.

"Hamieni mpya"

Wapo wanaoona kwamba juhudi zote hizi ni kumpaka maiti mafuta. Hoja yao ina nguvu. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeleta MUVU, mfumo wa kusimamia vyama vya ushirika unaofunguka kwa kivinjari cha intaneti, na kivinjari hakijali chini yake kuna Windows au Linux. Sensa ya 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na baada ya sensa vishikwambi vikaenda kwa walimu. Takwimu za vituo vya afya zinaingia DHIS2, nayo ni ya kivinjari. Kizazi kinachokuja huenda kisilijue kabisa neno "haifunguki".

Ila intaneti nayo ni mfumo endeshi wa aina yake. Umeme ukikatika, bando likiisha, au mwenye seva akibadili mawazo, programu ya kivinjari haibaki hata kwenye flashi. Mzee wetu angalau alikuwa na folda.

Halafu kuhamia mpya kunaanza na kutoa ya zamani. Nani ataitoa, kwa malipo ya nani? Chama kinachokusanya akiba za wakulima wa mpunga na miwa hakina fungu la kumlipa mtaalamu wa FoxPro, ambayo ndiyo iliyoandikia hata programu yake ya 1998, hata kama angepatikana.

Fundi aliwahi kujaribu njia ya mkato mbele yetu. Mafaili ya FoxPro yana bahati: muundo wake, DBF, unajulikana vizuri tangu zamani, na hata LibreOffice ya bure inaufungua kama jedwali la kawaida. Akafungua faili la hisa. Majina yakajipanga, tarehe zikajipanga. Mama akasogea, akaliona jina la mumewe, akalitaja kwa sauti.

Hisa zilionekana zote. Gawio halikuwapo. Programu ya 1998 haikuwa ikilihifadhi. Ililikokotoa kila ilipoulizwa, kwa kanuni ambayo kamati ya wakati ule iliipitisha na kijana yule akaiandika ndani. Mzee alikumbuka kwamba asilimia ilibadilika mara mbili, au tatu, na kwamba waliokuwa na mkopo wenye malimbikizo walikatwa. Zaidi ya hapo hakukumbuka. Jedwali lilikuwa na watu. Walinzi walibaki ndani ya programu.

Neno la siri

Kwa hiyo DOSBox ikafunguliwa kwenye laptopu ya Linux. Fundi aliandika amri mbili, skrini ikawa ya bluu yenye herufi nyeupe, na mzee akacheka kama aliyekutana na mwenzake wa jeshini. Menyu ilikuwa vile vile: hisa, akiba, mikopo, taarifa, toka.

Ikaomba neno la siri.

Ukimya ulikuwa mrefu. Mzee alijaribu mara moja, ikakataa. Akatoka nje, akasimama kando ya baiskeli, akarudi. Akamwomba fundi ageuke, akaandika kwa kidole kimoja. Ikakubali. Hakutuambia ni nini, na mama alipouliza alisema tu kwamba ni jina la mtu.

Jumla ilitokea na gawio lake. Mama alifungua kitabu, wakalinganisha mstari kwa mstari, kidole cha huyu kwenye karatasi na cha yule kwenye kioo. Hisa zililingana hadi ya mwisho. Ukubwa wa gawio haukuwamo kitabuni, lakini mzee alitikisa kichwa kukubali: ndivyo walivyokuwa wakigawana.

Kisha akabonyeza kuchapisha. Printa ya pembeni haikutikisika. Fundi akaeleza habari za michezo na printa, mzee akamtazama kama anayetaniwa. Lakini menyu ilikuwa na mahali pa kuandika taarifa kwenye faili badala ya karatasi. Faili likatoka, likapelekwa kwenye laptopu ya Windows, likafunguliwa. Mistari ya jedwali iliyochorwa kwa alama za DOS, Windows iliisoma kwa namna yake: ukurasa mzima ulijaa ÄÄÄÄÄÄ kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati yake jina la marehemu na fedha zake.

Waliichapisha hivyo hivyo kwenye steshenari ya jirani. Mama aliishika karatasi mbali na macho, kisha karibu.

"Hii hakimu ataipokea?"

Mzee hakubishana. Aliomba kalamu na karatasi safi yenye kichwa cha chama, aliyokuwa ameikunja mfukoni, akaketi kwenye benchi na kuanza kunakili kwa mkono, tarakimu baada ya tarakimu. Ilimchukua karibu nusu saa. Alipomaliza akasaini.

"Na muhuri?" mama aliuliza.

Muhuri ulikuwa nyumbani, Mlabani. Wakaondoka wote wawili kuufuata, mzee akikokota baiskeli, kompyuta iliyopigwa na radi ikibaki chini ya meza ya fundi.